Anwani Yangu Rotterdam, Mke Wangu Berchem

*Ukurasa wa Bi Evaline, gazeti la Jirani, Brussels, Aprili na Julai 1998*

Bi Evaline, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka sitini na sita na hii ni mara yangu ya kwanza kumwandikia mtu nisiyemjua mambo ya ndani kwangu, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani ni uzee, ni aibu, na tena shida yangu ina tarehe, maana tarehe thelathini mwezi huu ikipita sijaamua, nitabaki sina mke. Ni yeye mwenyewe aliyeniambia nikuandikie, kwa sababu gazeti lenu analisoma kuanzia ukurasa wako kurudi mbele, na majina yetu yaache kama yalivyo, anasema tumeficha vya kutosha.

Mimi ni Samson, mtu wa Kigoma. Niliingia Rotterdam mwaka 1968 nikiwa mpishi wa meli, nikashuka, nikapata kazi bandarini, na kwa miaka ishirini na saba nimekuwa dereva wa winchi, nimeinua makontena ya tani ishirini juu ya vichwa vya watu na mkono wangu haukutetemeka hata siku moja, nikapewa na uraia wa Uholanzi, mke wangu wa kwanza akafariki 1988, nikakaa peke yangu hadi siku nilipoalikwa harusi hapa Ixelles nikamwona mama mmoja wa Bukavu anacheza dansi huku ameshika viatu mkononi. Huyo ndiye Antoinette. Alikuwa mjane, mwanawe Cédric tayari mtu mzima anayejitegemea Liège, na yeye anafanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba ya wazee huko Berchem-Sainte-Agathe. Tulifunga ndoa Rotterdam mwaka 1995, na mwaka uliofuata nilipotimiza sitini na tano na kustaafu, nilifunga masanduku mawili nikahamia kwake Berchem, kwenye nyumba ya shirika la nyumba za bei nafuu, ghorofa ya pili, vyumba viwili na roshani inayotazama bustani za watu.

Sasa sikiliza kosa lilipoanzia. Siku ya kuniaga, rafiki yangu Zuberi, ambaye tulishuka naye meli moja na tumefanya kazi zamu moja maisha yetu yote, alinivuta pembeni akaniambia, "Samson, nenda kwa mkeo, lakini jina lako usilipeleke. Ukijiandikisha Ubelgiji, Wabelgiji wataikata pensheni yako kwa kuwa unakaa kwao, na Waholanzi wataikata kwa kuwa inatoka kwao. Wewe utabaki na bahasha." Nikamuuliza ana hakika gani, akasema yupo mzee mmoja alihama vivyo hivyo na sasa anaosha sahani Antwerpen akiwa na miaka sitini na tisa. Huyo mzee sijawahi kumwona, Zuberi naye ukimbana anakiri hajawahi kumwona, lakini Bi Evaline, mtu aliyefanya kazi juu ya winchi anajua kwamba kitu kinachoanguka hakikupi muda wa kuuliza, basi nikaogopa kabla ya kuuliza, nikaacha anwani yangu nyumbani kwa Zuberi, barua zote za pensheni zikawa zinaingia kwake, na mimi kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi napanda treni kwenda kuzichukua.

Mke wangu nilimwambia ni mambo ya pensheni, kwamba lazima nichukue mwenyewe kwa mkono. Hakuuliza sana. Lakini maisha ya mtu asiyekuwepo ni kazi ngumu kuliko winchi. Jina langu halipo kwenye kengele ya mlango. Jirani wa mlango wa pili, bibi mmoja Mflemi, ananiita "binamu" kwa kuwa ndivyo tulivyomwambia siku ya kwanza, na kila Krismasi ananiuliza binamu unarudi lini kwenu. Jino liliponiuma mwaka jana nilikaa nalo siku tisa nikisubiri Alhamisi, nikalisafirisha hadi Rotterdam likang'olewe huko, maana hapa sina kadi ya matibabu.

Halafu Aprili ya mwaka jana shirika la nyumba likaleta fomu yake. Wanaileta kila mwaka: andika nani anakaa humu na anaingiza kiasi gani, kwa sababu pango linapimwa kwa kipato cha waliomo. Antoinette akakaa mezani na kalamu, akasema, "Bon, Papa Samson, unipatie makaratasi yako, nitie jina." Nikamwambia asitie. Nikamwomba, Bi Evaline, nikamwambia mwaka huu tu, mambo ya pensheni hayajakaa sawa. Akanitazama, akaandika mtu mmoja, akatia sahihi. Jumapili ile hakwenda kuimba kwaya. Alisema koo linamkwaruza, na mimi nilijua si koo.

Mwaka huu, mwezi Februari, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, kengele ikalia. Polisi wa mtaa. Amekuja kuhakikisha nani anakaa humu, kwa kuwa kwenye komini, ofisi ya mji inayoandikisha wakazi, mke wangu anaonekana ameolewa lakini mume haonekani, na majirani wanaona binamu. Nikasikia sauti yake mlangoni, nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka masikio yanawaka moto: nilitoka ndani ya nyumba yangu mwenyewe nikaenda kusimama roshani, na kandambili miguuni, nyuma ya shuka alizokuwa ameanika mke wangu, kwenye baridi ya kugandisha maji. Nilidhani atakaa dakika mbili. Antoinette ni mtu wa Kivu, mgeni haondoki bila kunywa kitu, akamwekea kahawa. Nikawasikia kupitia dirishani.

Polisi akauliza, "Mama, unaishi peke yako?"

Nikamsikia mke wangu, kwa sauti nisiyoijua, "Ndiyo, monsieur. Nakaa miye peke yangu."

Na hapo hapo, Bi Evaline, nikakohoa. Nilijizuia kwa mikono miwili na bado nikakohoa, mara tatu, kikohozi cha mtu mzima aliyevuta sigara melini. Polisi hakuinuka. Alimaliza kahawa yake, nikasikia kikombe kinarudi kwenye kisahani, akasema kwa upole, "Mama, roshani yako inakohoa. Iingize ndani, itaugua." Akaongeza kwamba ameona pia pale mlangoni viatu vikubwa kuliko vyake yeye, kwamba leo hataandika chochote, lakini fomu ya Aprili inakuja na atarudi, na ni afadhali watu wazungumze kwanza wenyewe nyumbani kabla ya kuzungumza na ofisi. Akashukuru kwa kahawa akaenda.

Nilipoingia ndani nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alikuwa anaosha kikombe kile kimoja, anakiosha na kukiosha. Akasema bila kugeuka, "Miye nilishakuwa mujane mara moya. Leo umenifanya mujane mara ya pili, na uko muzima."

Alhamisi ya kwanza ya Machi nikaondoka kama kawaida. Sikujua kwamba amechukua likizo ya siku moja kazini na amepanda treni ya saa moja baada ya yangu, akiwa na anwani ya Zuberi aliyoinakili kutoka kwenye bahasha zangu. Alikuwa amejiambia kwamba mume anayekubali kugandishwa roshani ili jina lake lisionekane, huko Rotterdam hana pensheni, ana mwanamke. Kwa hiyo mimi na Zuberi tumekaa jikoni, Zuberi amejifunga aproni yenye maua anageuza samaki, mimi nimevaa miwani nasoma barua, mlango ukagongwa, Zuberi akafungua, na mke wangu akampita kama upepo. Akaangalia jikoni. Akaangalia chumbani. Akafungua kabati la nguo, akafunga. Akarudi akamtazama Zuberi na aproni yake kuanzia juu hadi chini.

"Bibi eko wapi?"

"Bibi gani, shemeji?" Zuberi akauliza, kijiko kikiwa hewani.

"Ule anamuletaka huku kila mwezi!"

Ndipo nikalazimika kusema yote, mbele ya samaki anayeungua: kwamba hakuna bibi, ni kodi, naogopa kodi, naogopa nchi mbili zitanigawana. Antoinette akakaa kwenye kiti, akaanza kucheka, akacheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa, na Zuberi naye akacheka, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani mambo yamekwisha nikacheka pia.

"Usicheke, weye," akaniambia. "Ingekuwa mwanamuke, ningejua nipigane na nani. Sasa impôt, hii kodi yako, nitaipiga wapi? Umenidanganyisha mbele ya polisi, umenidanganyisha kwa karatasi, juu ya kitu hata hauyauliza muntu!"

Samaki tulikula hivyo hivyo, upande mmoja mweusi. Kwenye treni ya kurudi alikaa dirishani, na tulipofika Mechelen akaniambia maneno yake ya mwisho, kwa utulivu kabisa. "Fomu itakuja. Miye nitaandika kweli. Kama uko ndani, nitaandika batu babili. Kama jina yako inabakia kule, alors beba masanduku uifuate, nitaandika muntu moya, na itakuwa kweli."

Fomu imekuja, mwisho wa kuirudisha ni tarehe thelathini. Iko juu ya friji, chini ya sumaku. Masanduku yangu mawili ameyatoa darini ameyaweka ukumbini, hajayafungua wala hajayafunga, yamekaa tu hapo, na kila nikienda chooni nayapita. Bi Evaline, nampenda mke wangu. Lakini pensheni ndiyo jasho langu la miaka ishirini na saba, na nikijitokeza sasa si watanidai na ya nyuma? Je, ni kweli nchi mbili zitanikata? Na yeye, kwa ile sahihi ya mwaka jana, hawatamfukuza kwenye nyumba kwa kosa langu? Au nimwombe mwaka mmoja tu wa mwisho nijipange? Nisaidie, na kama una la kunisema, niseme, nimelizoea.

Ni mimi, Samson, Berchem-Sainte-Agathe.

*

Mzee Samson, shikamoo. Heshima yako nimekupa mapema, ili nikianza kukukaripia usiseme sikukuamkia.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza: hapana. Usimwombe mwaka mwingine, wala mwezi, wala wiki. Mwanamke aliyekuambia atasema kweli ikiwa upo na atasema kweli ikiwa haupo, huyo hajakupa vitisho, amekupa njia. Unapoandika kwamba masanduku yamekaa ukumbini hayajafungwa, mimi nasoma hivi: anakusubiri uyarudishe darini. Yarudishe leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Haya, nenda, nakusubiri.

Umerudi? Sasa tuzungumze kodi. Mimi si mtu wa hesabu, kwa hiyo barua yako nilimpelekea Rolande, mhasibu aliyeko Auderghem ambaye anawajazia fomu wastaafu wengi wa kwetu, na kabla ya kujibu alicheka sana, halafu akanieleza polepole. Nchi hizi mbili zina mkataba baina yao, uliandikwa zamani ili watu kama wewe wasikamuliwe mara mbili kwenye pensheni ileile. Kwa pensheni ya kawaida ya mtu aliyefanya kazi kama yako, nchi inayotoza ni ile unayokaa. Moja, si mbili. Waholanzi wanaendelea kukukata kila mwezi kwa sababu wewe mwenyewe umewaambia bado unakaa kwao! Ukijiandikisha Berchem, utachukua fomu ya Uholanzi, ofisi ya kodi ya hapa itagonga muhuri kuthibitisha kwamba unakaa Ubelgiji, utairudisha Uholanzi, nao wataacha kukata. Kisha utajaza fomu ya kodi ya hapa kama jirani yako Mflemi anavyojaza.

Sitakudanganya kwamba utaneemeka. Rolande anasema huenda utalipa zaidi kidogo kuliko unavyokatwa sasa, huenda pungufu, inategemea karatasi zako, na uzibebe zote kwake, hata zile ulizozikunja. Ya nyuma watakudai, ndiyo, na huenda na nyongeza kwa kuchelewa. Lakini walichokukata Waholanzi kwa miezi hiyo hiyo unaweza kuomba urudishiwe. Na mtu anayeingia ofisini kwa miguu yake akasema nimechelewa, hapokelewi sawa na yule anayetolewa nyuma ya shuka.

Pango la nyumba litapanda. Lipande! Mnakaa wawili, mnapika kwa wawili, lipeni la wawili. Hapo hukuwa unaogopa kuonewa, mzee wangu, hapo ulikuwa unapunja, na ulipunja kwa mkono wa mkeo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Umefanya kazi miaka ishirini na saba juu ya vichwa vya watu bila kumwangushia mtu kitu, halafu ukaja kumwangushia mzigo wako mwanamke aliyekufungulia mlango. Ile fomu ya mwaka jana ina sahihi ya nani? Mlipofika kwenye swali gumu, aliyekuwa mezani na polisi alikuwa nani, na aliyekuwa roshani alikuwa nani?

Kwa hiyo asiende peke yake kwenye shirika la nyumba. Nendeni pamoja, na wewe ndiye utakayefungua mdomo kwanza. Sema: mwaka jana nilikuwepo, mimi ndiye niliyemzuia kuandika, tunataka kulipa tofauti. Kama watakasirika, wakukasirikie wewe. Siwezi kukuahidi watakachoamua, lakini najua watakachoamua wakigundua wenyewe.

Kuhusu huyo bwana Zuberi. Sidhani kama ni mwongo. Jiulize tu jambo moja: ukihamisha barua zako, nani huko Rotterdam atabaki na Alhamisi tupu? Ukishapata jibu, kamtazame kama rafiki.

Basi fanya hivi. Jumatatu asubuhi wewe na Antoinette muende komini ya Berchem, na pasi yako ya kusafiria na cheti cha ndoa. Jumanne kwa Rolande. Jumatano kwenye shirika la nyumba. Alhamisi nunua maua, na usimpe pale jikoni mkiwa wawili, mpelekee kazini kwake, uulize kwa sauti yuko wapi mke wangu. Wakikuuliza wewe ni nani, jibu bila kukohoa.

Evaline

*

*Bwana Samson alituandikia tena mwezi Julai, akaturuhusu kuchapa.*

Bi Evaline, nimekuwa mzito kukujibu kwa sababu siku hizi nina kazi nyingi, mtu akishakuwa na anwani anatumiwa barua na kila mtu.

Komini tulikwenda Jumatatu ile ile. Yule polisi wa mtaa alikuja wiki iliyofuata kuhakikisha, nikafungua mlango mimi, akanyoosha mkono akasema, "Ah, roshani!" na tangu hapo tukikutana mtaani ndilo jina ananiita. Rolande alikaa na karatasi zangu siku mbili. Waholanzi wameacha kukata tangu mwezi uliopita. Ya nyuma Wabelgiji wamenidai pamoja na nyongeza, nalipa kidogo kidogo kila mwezi, na maombi ya kurudishiwa kutoka Uholanzi yamekwenda, nasubiri. Tukishajumlisha yote, kodi na pango jipya, napokea pungufu ya zamani kwa kiasi cha tiketi moja ya treni kwenda Rotterdam na samaki wawili. Ndicho nilichokuwa nakiogopa mwaka na nusu, Bi Evaline. Nilipoona hiyo hesabu nilitoka nje kwa Rolande nikatembea hadi kwenye msitu ulio karibu na kwake na kurudi, kwa hasira ya kujikasirikia.

Kwenye shirika la nyumba nilizungumza mimi kwanza, kama ulivyosema. Yule mama wa ofisini alinisikiliza, akamgeukia Antoinette akamuuliza kama ni kweli, akajibu ni kweli na sahihi ni yake. Walitupa onyo kwa maandishi na tofauti ya mwaka mzima ya kulipa kwa awamu. Nyumba wametuachia. Mke wangu aliniambia tukiwa kwenye ngazi kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza tangu harusi, aliona yule dereva wa winchi aliyemwoa. Maua nilipeleka kazini. Wazee wote wa kule walipiga makofi, mmoja akaomba ua akapewa.

Zuberi nilimwendea. Nilimuuliza moja kwa moja yule mzee wa Antwerpen alimsikia wapi, akahangaika na sufuria, mwisho akasema, "Niliona ukihamisha barua, hutarudi tena." Hana mtu mwingine pale, Bi Evaline. Sikumgombeza. Nilimwambia sasa zamu yake kupanda treni, na mwezi jana alikuja kulala kwetu siku nne, Antoinette akamfundisha kupika sombe, kisamvu cha kwao, akaiunguza nayo.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni la juzi. Shirika la nyumba walitaka cheti kutoka komini kinachoonyesha watu wa nyumba moja, tukaenda kukichukua. Ni karatasi moja tu, ina muhuri. Tulipanda tramu kurudi, imejaa watu, Antoinette akapata kiti mimi nikasimama mbele yake nimeshika chuma. Akaifungua ile karatasi, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya kwaya, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, halafu jina langu, halafu neno linalofuata jina langu, "époux", mume, akalirudia na kwa Kiswahili. Watu wakageuka. Nikainama nikamwambia, "Mama Cédric, soma polepole, watu wanasikia."

Akanitazama juu ya miwani.

"Mwaka na nusu nimesema pole pole," akasema. "Leo uniache."

Akaanza upya, kuanzia jina lake.

Samson